Kwa Nini Chura Anaruka na Ndege Nayo Inaruka

Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Mmeniuliza kwa nini chura akitoka jiwe hili akaangukia jiwe lile tunasema ameruka, na ndege ya abiria ikiondoka uwanjani ikapotea mawinguni tunasema nayo imeruka. Lugha yenye jina la nazi katika kila umri wake, tangu kidaka mpaka nazi kavu, inakosaje neno lake la jambo kubwa namna hiyo? Haikulikosa. Lilikuwepo, tukalipoteza, na tulilipoteza kwa aibu. Anayewasimulia anatoka katika ukoo ule ule uliolipoteza, kwa hiyo msinitazame sana usoni.

Zamani hizo, kabla ya chuma kujua njia ya mawinguni, kuruka kulikuwa kuruka tu. Mtu aliruka dimbwi, mbuzi aliruka ua, panzi aliruka. Kuku naye, pamoja na mbawa zake zote, alihesabiwa pamoja na panzi, kwa kuwa safari yake ndefu ilikuwa ya kutoka chini mpaka juu ya kinu. Lakini lile wanalolifanya korongo wakipita juu ya milima bila kugusa kitu, wakawa wadogo, wakawa wadogo zaidi, mpaka jicho likawakosa, lilikuwa na neno lake peke yake. Neno hilo mimi silijui. Aliyenisimulia hakulijua, wala aliyemsimulia yeye. Tunachojua ni kwamba lilisemwa kwa sauti ya chini, halikutumiwa kwa mtu wala kwa mdudu, na mtoto aliyelisema juu ya kipepeo alisahihishwa na mtu mzima yeyote aliyekuwa karibu.

Kulikuwa na kijiji kikiitwa Ukingoni, kwa sababu kilikaa pale ambapo mlima unakatika ghafla na bonde linaanza. Upande wa pili wa bonde palikuwa na mlima mwingine, na kijiji kingine, nacho kiliitwa Ng'ambo. Watu wa vijiji hivyo viwili walioana, walizikana, na asubuhi walipigiana kelele kuulizana hali. Kwa sauti walikuwa majirani. Kwa miguu ilikuwa siku nzima, kuteremka mpaka mtoni na kupanda tena, na mtu alifika magoti yakimtetemeka.

Pale Ukingoni aliishi mwezekaji aliyeitwa Mhando. Upepo wa bondeni ulikuwa mkali, na paa ambalo halikuezekwa na mtu anayeijua kazi halikumaliza masika moja. Kwa hiyo mwezekaji alikuwa mtu mwenye jina. Alikaribishwa kwa kigoda, alipakuliwa kabla ya wengine, na kauli yake ilisikilizwa hata katika mambo yasiyohusu nyasi. Baba yake Mhando aliezeka miaka arobaini asiteleze hata mara moja. Hilo lilikuwa jambo la kusimuliwa, maana desturi yao ilikuwa hivi: mwezekaji akiteleza juu ya paa, hata kama hakuumia, aliteremshwa akaezeka mabanda ya kuku mwaka mzima. Hakupigwa wala hakutozwa kitu. Alipewa mabanda ya kuku, na kila aliyepita njiani alimwamkia kwa adabu zote, na adabu hizo ndizo zilizouma.

Mwaka mmoja Jumbe, mkuu wa kijiji, alijenga nyumba mpya, ndefu kuliko zote. Asubuhi moja ya kiangazi Mhando alikuwa juu ya mgongo wa nyumba hiyo, na mkewe Siwema alikuwa chini akimpandishia matita ya nyasi. Mhando alikuwa anakunjua jamvi kubwa la kufunika sehemu ambayo ilikuwa haijaisha. Akakanyaga ufito uliokuwa na umande. Ni hivyo tu, hapakuwa na ajabu nyingine. Mguu uliondoka, Mhando akaondoka nao, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania jamvi, upepo wa bondeni uliingia chini ya jamvi ukambeba kidogo, ukamvusha ua, ukamwaga mzigo wake katika rundo la makapi ya mtama nyuma ya jiko la Jumbe. Mhando akakaa humo, makapi masikioni, mzima kama alivyoamka.

Siwema aliona yote, kuanzia mguu. Lakini nje ya ua alikuwa anapita jirani yao, Mzee Kibanga, naye aliona katikati tu: mtu hewani, jamvi limetanda juu ya kichwa chake, hana kitu chini ya nyayo. Akapiga ukelele. Watu wakatoka majikoni, na Jumbe mwenyewe akatoka na kibuyu chake cha uji mkononi, wakamkuta Mhando anasimama na kujipangusa.

"Mhando, kulikoni?" Jumbe akauliza.

Mhando aliyajua mabanda yote ya kuku ya Ukingoni. Katika nafasi ya pumzi moja aliyaona yote, moja moja, na akajiona amechuchumaa juu ya kila moja, wanawake wanaotoka kisimani wakimwambia shikamoo fundi. Alimfikiria marehemu baba yake. Angeweza kusema, "Nimeteleza." Hata kusema, "Nimeruka," kusingemsaidia, maana wangeuliza mtu mzima ana shida gani mpaka aruke kutoka juu ya nyumba ya mkubwa. Ndipo akainua mkono, akalichukua lile neno la korongo, akajivika mwenyewe. Akalisema mbele ya wote, tena kwa sauti ya juu.

Hakuna aliyecheka. Neno lile halikuwa limewahi kutumiwa kwa uongo, kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyejua namna ya kulitilia shaka. Mzee Kibanga akasema, "Ni kweli tupu, nimemwona kwa macho yangu haya." Na alikuwa anasema kweli yake, maskini. Siwema alimtazama mumewe, kisha akainama akaokota tita la nyasi. Mhando aliuona mgongo wake ulivyoinama. Hapo ndipo aibu ya kwanza ilipomwingia, ndogo, na akaimeza.

Kuanzia siku hiyo Mhando hakuwa tena fundi wa nyasi. Jumbe alimwita barazani akamwambia kwamba mtu mwenye kipaji cha namna ile hawezi kukikalia peke yake, hasa katika kijiji kinachotumia siku nzima kwenda kuzika ng'ambo. Akamwagiza afundishe. Mhando akasema ni elimu ngumu. Jumbe akasema ndiyo maana inafundishwa. Basi kila asubuhi watu wazima kumi na watano, wengi wao wenye ndevu zao na wake zao, wakawa wanakusanyika katika kiwanja cha Mhando kujifunza, na elimu hiyo wakaiita kwa lile neno lenyewe.

Ilibidi awafundishe kitu. Aliwafundisha kutokula ugali wa asubuhi, ili mwili uwe mwepesi. Aliwafundisha kurusha makapi juu na kutazama yanaelekea wapi, kwa kuwa hilo kila mwezekaji analijua, na ndilo peke yake katika masomo yake lililokuwa la kweli. Aliwafundisha kufungua mikono, kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa kwa mdomo, na kutotazama chini. Jamaa mmoja mnene alipouliza kama ni lazima kusimama kwa mguu mmoja kama korongo, Mhando alifikiri kidogo akasema ni lazima. Wakasimama hivyo asubuhi nzima, njaa ikiwauma, na mapaa ya kijiji yakaanza kuvuja bila mtu wa kuyapanda.

Msidhani Mhando alifurahi. Mwanzoni alifurahi siku mbili tatu, kwa kuwa sifa ni tamu hata zikiwa za mtu mwingine. Baadaye kila aliposikia lile neno likitamkwa njiani, mashavu yalimwaka moto. Wanafunzi walilisema kwa sauti wakati wa kusalimiana. Watoto walilifanya mchezo. Neno ambalo wazee walikuwa wakilitoa mara moja kwa mwaka, korongo wakipita, sasa lilikuwa linazagaa kama maganda ya ndizi, naye ndiye aliyelitupa huko.

Miongoni mwa wanafunzi alikuwamo Sikitu, shemeji yake, ndugu wa Siwema wa tumbo moja. Alikuwa msusi wa matenga na vikapu, mwanamke mtaratibu, asiyesema jambo mpaka aligeuze mikononi kama anavyougeuza ukindu. Wengine walikuja kwa ajili ya sifa. Sikitu alikuja kwa ajili ya mama. Mama yao alikuwa ameolewa ng'ambo baada ya kufiwa na baba yao, na sasa alikuwa mgonjwa, miguu imevimba, hawezi kuteremka. Sikitu alikuwa akienda kumwogesha na kumpikia. Kwenda siku nzima, kurudi siku nzima, na akifika alikuwa amechoka hata kumbeba mama hawezi. Alikuwa na sababu kuliko wote, na alimwamini shemeji yake kuliko wote.

Tena alisoma kweli. Alikaa ukingoni akiwatazama mwewe, akasuka kwa fito na ukindu mabawa mawili, akayafumua, akayasuka upya, mapana zaidi. Alimfungia mbuzi mdogo jamvi akamsukuma kutoka kwenye kichuguu, na mbuzi alipofika chini salama akaja mbio kumweleza mwalimu. Kila somo lilipokwisha alibaki na swali.

"Shemeji, ulipofika katikati, uzito uliusikia wapi? Mabegani au kiunoni?"

"Mabegani," Mhando akasema, akitazama kwingine.

"Na jamvi ulilishika kwa vidole au kwa kiganja?"

"Kwa kiganja."

Sikitu akashukuru, akaenda kurekebisha vishikio vya mabawa yake. Mhando akabaki pale kiwanjani, ameshika kichwa.

Siwema alivumilia mpaka siku alipomwona ndugu yake anapima mabawa hayo mbele ya mlango. Akaingia ndani, akamkuta mumewe amelala mchana, uso ukutani.

"Mume wangu, yule ni ndugu yangu," akasema. "Mwambie uliteleza."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitatafuta maneno."

"Maneno hayana haja ya kutafutwa. Ni moja. Niliteleza." Siwema akakaa kitandani. "Mimi nikisema, nitakuwa nimekuvua nguo mbele ya watu, na mimi mwenyewe nitaulizwa nilikuwa wapi siku zote. Nimekusitiri kwa kuwa ni mume wangu. Sasa nisitiri na wewe. Sema mwenyewe, nisije nikawa nimemuua ndugu yangu kwa kunyamaza."

Mhando akasema kesho. Kesho ilipofika Jumbe alikuwa barazani kwake na wageni, ikashindikana. Keshokutwa Sikitu alikuwa na furaha mno, na nani anamharibia mtu furaha? Siku ya tatu alimfuata mpaka kisimani, akafungua mdomo, akamuuliza habari za mama. Nawaambia hivi kwa sababu sisi wa ukoo wake tunaujua ugonjwa huu. Mtu anaweza kubeba gogo la mvule kilima kizima, na neno moja likamshinda kulitoa hatua tatu kutoka kinywani.

Siwema naye alijaribu njia yake. Alimwambia ndugu yake asubiri, angalau mwaka upite. Sikitu akamshika mkono akamwambia mama hana mwaka.

Basi siku ikafika. Ilikuwa asubuhi, jua limepanda, na watu wote wa Ukingoni walikuwa wamesimama juu ya jabali. Upande wa pili watu wa Ng'ambo nao walikuwa wamejipanga, na mama mgonjwa alikuwa ametolewa nje akalazwa juu ya mkeka ili aone mwanawe anavyokuja. Sikitu alikuwa amefunga kibwebwe, mabawa mgongoni. Alikuwa hajala tangu jana, kama alivyofundishwa. Akasimama kwenye ukingo, akageuka kumtafuta mwalimu wake.

Mhando alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Jumbe alikuwa kuliani kwake, Mzee Kibanga kushotoni, wanafunzi kumi na wanne nyuma. Siwema alikuwa mbele yake, anamkazia macho wala hapepesi.

"Shemeji," Sikitu akauliza, "niende?"

Jamani, ilikuwa wakati wa kusema. Hata mtoto mchanga angejua kwamba ilikuwa wakati wa kusema. Mhando alifungua mdomo, na neno likaja mpaka kwenye meno. Akaona nyuso zote zile. Akachukua konzi ya makapi kutoka mfukoni mwake, akayarusha juu, akayatazama yakielea kuelekea bondeni.

"Upepo ni mzuri," akasema.

Na upepo ulikuwa mzuri kweli. Siwema akapiga yowe, "Sikitu, ngoja! Aliteleza!" lakini watu walikuwa wameshaanza vigelegele, na sauti yake ikazama humo. Sikitu akajitupa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kwalo Mhando hakuisamehe nafsi yake mpaka anakufa. Mabawa yalimshika. Alielea. Kwa muda wa kuhesabu mpaka saba, msusi wa matenga alikuwa juu ya bonde, hana kitu chini ya miguu, kwa kazi ya mikono yake mwenyewe, bila msaada wa uongo wa mtu. Wote waliona. Kisha ufito mmoja wa upande wa kushoto ukavunjika, pale pale kwenye kishikio alichokirekebisha kwa jibu la Mhando, akapinduka, akaingia katika miti iliyoota ubavuni mwa jabali, na matawi yakasikika yakikatika moja baada ya jingine. Ng'ambo mama alilia kwa sauti ambayo bonde lote liliisikia.

Mhando ndiye aliyekuwa wa kwanza kuteremka. Hakungoja kamba. Alimkuta amekwama katika panda ya mti, uso umechanika, mguu wa kulia umegeuka upande usio wake, lakini anapumua. Akambeba mgongoni mpaka juu, huku anateleza na kusimama, anateleza na kusimama, na hakujali nani anamwona.

Walimlaza nyumbani kwa Siwema. Mganga wa mifupa akaufunga mguu kwa fito. Jumbe aliingia, Mzee Kibanga akaingia, wanafunzi wakajaa mlangoni. Sikitu akafumbua macho, akamwona Mhando amepiga magoti karibu na kitanda. Midomo yake ilikuwa mikavu, na Siwema akamlowesha kwa maji kabla hajaweza kusema.

"Shemeji," akasema, "nimekosea wapi? Niambie, nirekebishe."

Hakuwa anamlaumu. Ndilo lililomvunja Mhando. Angemtukana, angemtemea mate, angepata mahali pa kushika. Lakini aliuliza kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu wake, na alikuwa anasubiri jibu.

"Hukukosea," Mhando akasema. Sauti ilikuwa ndogo, watu wa mlangoni wakaomba arudie. Akageuka, akawatazama, akarudia. "Hakukosea. Mimi sikufanya lolote siku ile. Nilikanyaga ufito wenye umande nikateleza. Nilianguka kwenye makapi. Sina elimu yoyote. Niliteleza tu."

Mzee Kibanga alifunika uso kwa viganja, maana yeye ndiye aliyekuwa shahidi. Jumbe alitazama sakafu. Wanafunzi walikumbuka asubuhi walizosimama kwa mguu mmoja, na hakuna aliyethubutu kumwangalia mwenzake. Kila mmoja mle ndani alikuwa amelitamka lile neno kwa kiburi angalau mara mia, na sasa kila mmoja alilisikia mdomoni mwake limechacha.

Sikitu alitazama paa.

"Ungelisema siku ile ile, ungali umekaa kwenye makapi," akasema hatimaye, "tungecheka siku mbili tukasahau."

Kisha akaomba watoke, alale.

Hakuna aliyemhukumu Mhando. Alikwenda mwenyewe asubuhi iliyofuata kuanza na mabanda ya kuku. Alipomaliza mwaka hakupanda daraja, akaanza duru ya pili, na watu walimwacha. Alivusha pia chakula cha mama mkwe wake kwenda ng'ambo, kila wiki, kwa miguu yake, mpaka mama alipofariki. Sikitu hakumwona tena mama yake. Walipigiana kelele tu asubuhi, mmoja amelazwa upande huu, mwingine upande ule, mpaka siku ambayo upande wa pili haukujibu. Mhando alikuwa juu ya banda la jirani siku hiyo, akausikia ukimya huo pamoja na Sikitu.

Ama lile neno, hakuna aliyelipiga marufuku. Jumbe hakutoa amri, kwa kuwa angeitoa kwa uso gani? Watu waliacha wenyewe. Ukitaka kulisema, unamwona Sikitu na fito zake mguuni, unamwona Mhando na kuku zake, unajiona na wewe umesimama kwa mguu mmoja. Ulimi unarudi ndani. Wazee waliokuwa wanalijua wakafa nalo, na watoto waliozaliwa hawakufundishwa, kwa kuwa kulifundisha kulihitaji kwanza kueleza mambo hayo yote.

Lakini kabla hayo yote hayajatimia, msimu wa korongo ulifika, miezi mitatu baada ya ajali. Watu walikuwa nje ya nyumba zao, na juu wakapita, safu kwa safu, na kila mtu akainua uso kama desturi. Hakuna aliyesema kitu. Sikitu alikuwa ametolewa nje kuota jua, amekaa chini juu ya mkeka, mguu umenyooshwa mbele. Binti wa jirani, ambaye hata meno hayajamwisha kuota, akanyoosha kidole juu.

"Wanafanya nini wale?" akauliza.

Watu wazima wakatazamana. Midomo ilikuwa mitupu. Mhando alikuwa karibu, juu ya banda la kuku, nyasi mkononi, na alitamani banda lile limfunike, maana swali la mtoto lilikuwa lake kulijibu na alikuwa ameharibu jibu.

"Wanaruka," Sikitu akasema.

"Kama chura?" mtoto akashangaa.

"Kama chura. Nimekaa hapa miezi mitatu sina kazi ila kuwatazama ndege. Hakuna hata mmoja anayekwenda juu bila kukunja miguu kwanza akajirusha. Wote wanaanza kwa kuruka. Wengine ndio hawarudi chini haraka."

Mtu mmoja akajaribu kulisema, kwa kunong'ona: korongo wanaruka. Mwingine akalisema. Lilikuwa neno la dimbwini na la ua wa mbuzi, lisilo na sifa, na kila mtu aliweza kulitamka bila kuinamisha macho. Mhando alisikia wanalipitisha kutoka kwa huyu mpaka kwa yule, akateremka bandani, akaenda akakaa chini mbali kidogo na mkeka wa Sikitu. Alilia tu, na Sikitu akamwacha alie.

Na tangu siku hiyo, arukaye na aendaye mawinguni wana neno moja. Walipokuja watu wa vyuo na mitambo, wakasoma hesabu za upepo na uzito wa mabawa, waliipa elimu yao majina mazuri, wakaiandika urubani, wakaiandika usafiri wa anga, na majina hayo yako vitabuni. Lakini ndege yenyewe, pamoja na injini zake na watu wake mia tatu, haikupewa neno kubwa kuliko la chura. Ukisimama dirishani uwanja wa ndege ukauliza inaruka saa ngapi, hujajigamba na hujamdanganya mtu. Umesema alivyosema Sikitu, amekaa chini, mguu wake umenyooshwa mbele yake.